Mteja wa Siri Naye Ana Siri Zake

Kazi ya mteja wa siri imeenea mijini. Kampuni ya utafiti inakutuma supamaketi, benki, kituo cha mafuta au hotelini, unajifanya mteja wa kawaida, kisha unajaza fomu kueleza ulivyohudumiwa. Malipo si makubwa, ila mara nyingi hurudishiwa ulichotumia. Barua tulizochagua safari hii zote zinatoka kwa watu wa kazi hiyo, au wanaotaka kuianza.

Nitume kitambulisho?

*Ndugu wahariri, nimeona tangazo WhatsApp la kampuni inayotafuta wateja wa siri. Kabla ya kazi ya kwanza wanataka picha ya kitambulisho pande zote mbili, selfi nikiwa nimekishika, KRA PIN, namba ya M-Pesa na ada ya kujiandikisha shilingi 1,500. Nitume? Msomaji, Kisumu.*

Ada usilipe. Kampuni ya kweli hulipwa na mwenye duka anayetaka kujua wafanyakazi wake wanahudumiaje, haimtozi anayetumwa. Ukidaiwa hata shilingi mia ili upewe kazi, kata mazungumzo na ufute namba.

Tuseme sasa umepata kampuni nyingine isiyodai ada. Toa taarifa zako kwa ngazi, kadiri kazi inavyoendelea. Kujiandikisha kunahitaji jina, mji, umri, simu na barua pepe. Hayo yanatosha kuamua kama unafaa kutumwa. Namba ya kupokelea malipo na KRA PIN, yaani namba yako ya mlipa kodi, zinakuja baada ya mkataba, na hapo zina sababu, kwa kuwa kampuni inaweza kutakiwa kukata kodi ya zuio. Picha ya kitambulisho iwe ya mwisho kabisa. Selfi ya kushika kitambulisho tunakushauri uikatae. Hiyo ndiyo picha ambayo baadhi ya programu za mikopo hutumia kuthibitisha kuwa mwombaji ndiye mwenye kitambulisho, hivyo atakayekuwa nayo anaweza kujaribu kukopa kwa jina lako. Na PIN ya M-Pesa, au zile tarakimu za uthibitisho zinazoingia kwa SMS, hakuna kazi halali duniani inayozihitaji.

Kabla ya kutuma chochote, tafuta jina la kampuni kwenye sajili ya makampuni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kisha kwenye orodha ya waliosajiliwa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Walio Tanzania waangalie BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Halafu piga simu ya ofisi uliyoitafuta mwenyewe, usitumie ile iliyoandikwa kwenye tangazo, kwa sababu matapeli hupenda kuazima jina la kampuni iliyopo kweli.

Ukilazimika kutuma kitambulisho, kitoe fotokopi, uandike juu yake kwa kalamu ya wino: jina la kampuni, tarehe, na maneno "kwa usajili wa kazi tu". Maandishi yapite juu ya uso na namba bila kuzifanya zisisomeke. Kisha piga picha hiyo fotokopi. Picha ya namna hiyo ni vigumu kuitumia kwingine.

Kama umekwisha kutuma, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukikuta usiyoijua nenda dukani kwa mtandao husika ikafungwe. Omba pia ripoti yako kwenye ofisi ya taarifa za mikopo, yaani CRB. Kwa Kenya una haki ya kupata moja bure kila mwaka. Kampuni ikikataa kufuta taarifa zako, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuruhusu kumlalamikia Kamishna, na malalamiko hayo yanatakiwa kushughulikiwa ndani ya siku 90.

Cheki imekuja kwa posta

*Wapendwa, naishi Columbus, Ohio. Nilijaza fomu ya kazi ya mteja wa siri mtandaoni, na wiki hii nimepokea cheki ya benki ya dola 2,450. Maelekezo: niiweke kwenye akaunti, nibaki na dola 400, zilizobaki ninunue kadi za zawadi, nikwangue nyuma na kuwatumia picha za namba, eti natathmini huduma ya duka. Wananihimiza nimalize ndani ya saa 48. Benki inaonyesha pesa zimeingia. Msomaji, Marekani.*

Usinunue hata kadi moja. Cheki hiyo ni feki, na pesa unazoziona bado si zako.

Sheria za Marekani zinaibana benki ikuruhusu kutumia pesa za cheki ndani ya siku chache, hata kabla haijajua kama cheki ni nzuri. Kugundua kuwa ni ya kughushi kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Pengo hilo ndilo linaloliwa na matapeli, na ndiyo maana ya kukuharakisha. Cheki ikirudi, benki inaondoa dola 2,450 zote kwenye akaunti yako. Ulizotumia zinakuwa deni lako. Namba za kadi za zawadi ulizopigia picha nazo zitakuwa zimetumika ndani ya dakika chache, na pesa za aina hiyo hurudi kwa nadra sana.

Leo hii ipigie benki simu kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako, waambie cheki unaishuku, na usiguse pesa hizo. Hifadhi bahasha, barua na nakala ya cheki. Ni ushahidi kwa wapelelezi wa posta. Toa taarifa kwa FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda watumiaji, kupitia reportfraud.ftc.gov. Hao jamaa usiwajibu tena, hata kuwatukana, maana jibu lolote linawaambia kuwa anwani na simu yako viko hai.

Tatizo la pili hukulitaja, nalo lina uzito: fomu ile. Kama uliandika namba ya Social Security, zuia taarifa zako za mikopo kwenye kampuni tatu zinazozitunza, yaani Equifax, Experian na TransUnion, kila moja peke yake. Tangu 2018 huduma hiyo ni bure nchi nzima. Mtu akijaribu kufungua akaunti ya mkopo kwa jina lako, mkopeshaji hataweza kuona rekodi yako, na kwa kawaida atakataa. Kama uliandika akaunti na nywila ya benki, badilisha nywila kabla ya kulala.

Chama cha kampuni za kazi hii huko kinaitwa MSPA Americas. Hakiajiri wateja wa siri wala hakitumi cheki, lakini jina lake hutumiwa sana kwenye barua za kitapeli, kwa hiyo kuliona limeandikwa juu ya karatasi si uthibitisho wa chochote.

Walioko Afrika Mashariki wanaletewa mtego huo huo kwa sura nyingine. Kundi la Telegram au WhatsApp linakupa "kazi" za kubonyeza "like" kwenye picha za hoteli na bidhaa, linakulipa kidogo siku ya kwanza, kisha linakutaka uweke pesa zako ili ufungue ngazi ya juu. Nchini Marekani, FTC ilipokea taarifa za utapeli huu kama 5,000 mwaka 2023, na kama 20,000 katika nusu ya kwanza tu ya 2024. Malipo ya siku ya kwanza ni chambo.

Mhudumu ameachishwa kazi, anadhani ni mimi

*Wahariri, nilitathmini mkahawa mmoja hapa Mombasa. Wiki mbili baadaye mhudumu aliyenihudumia ameachishwa kazi, na rafiki yake amenisimamisha sokoni akiniuliza kama mimi ndiye niliyemchongea. Wamejuaje? Nifanye nini? Msomaji, Mombasa.*

Kwa uwezekano mkubwa umetajwa na risiti. Risiti ina namba ya meza, saa na dakika, na vyakula ulivyoagiza. Kampuni ikimpelekea meneja wa tawi ripoti pamoja na risiti, kazi yake ni kurudisha kamera hadi dakika hiyo na kuangalia uso wako. Kama ulilipa kwa M-Pesa kwenye till, yaani namba ya malipo ya biashara, ni rahisi zaidi, kwani jina la mlipaji humfikia mwenye till.

Kwanza usalama wako. Usikiri, usibishane, na usirudi kwenye mkahawa huo wala kupokea kazi ya tawi jirani. Iandikie kampuni leo, kwa barua pepe ili pawe na kumbukumbu, ukieleza nani alikusimamisha, wapi na lini. Waulize risiti yako ilimfikia nani. Ukitishiwa, hata kwa maneno, nenda kituo cha polisi na uondoke na namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi.

Kwa kazi zijazo, lipa taslimu isipokuwa mkataba unadai vingine, na omba kwa maandishi kuwa risiti ibaki makao makuu. Usifanye tathmini mtaani kwako, wala mahali unapojulikana kwa jina. Maelezo ya ripoti nayo yapunguze: ukiandika "nilikuwa na mama yangu na watoto wawili" umejitaja mwenyewe.

Picha ya skrini ya M-Pesa ina hatari yake. Ujumbe una namba ya muamala, kiasi, aliyelipwa, tarehe na saa, halafu mwishoni salio lako lote. Kampuni haihitaji salio. Kata picha iishie juu ya mstari huo. Usiufunike kwa kalamu ya kupaka rangi ya kwenye simu, kwa maana rangi hiyo mara nyingi inapitisha mwanga kidogo, na mtu akiongeza mwangaza tarakimu zinasomeka.

Kuhusu yule mhudumu, tunalisema hili kwa uzito kwa sababu ni riziki ya mtu. Andika kilichotokea, kwa dakika na kwa maneno yaliyosemwa: "nilikaa dakika 11 kabla ya kuletewa menyu, meza tisa zilikuwa na watu na niliona wahudumu wawili." Sentensi hiyo inamwonyesha mwenye biashara kuwa wahudumu ni wachache. Ukiandika "mhudumu mvivu", umemhukumu mtu ambaye hatapata nafasi ya kujieleza. Kama hana beji, mtaje kwa sare na mahali aliposimama, si kwa kabila au umbo lake. Usimpige picha ya uso.

Muuzaji hakomi kunipigia

*Habari zenu. Nilitumwa kuulizia kiwanja kwenye kampuni moja ya hapa Mwanza, nikaacha namba. Sasa muuzaji ananitumia ujumbe usiku, na ameniita kwa majina yangu matatu. Sikumtajia! Msomaji, Mwanza.*

Pole, dada. Huenda alianza kutuma pesa kwenda namba yako. Jina la usajili likajitokeza kabla hajathibitisha, akaghairi. Kutoa namba yenye pesa za simu ni sawa na kutoa jina kamili.

Sajili laini ya pili kwa ajili ya kazi hizi, na usiifungulie huduma ya pesa. Ongeza salio kwa vocha. WhatsApp ya laini hiyo iwe bila picha, na kwenye mipangilio ya faragha weka picha, hali na muda wa mwisho kuonekana vionwe na walio kwenye orodha yako tu. Kwa huyu wa sasa, mwandikie mara moja: "Nimeahirisha kununua. Naomba usinitafute tena." Piga picha ya skrini ya ujumbe huo na ule aliokutumia, kisha mzuie. Akija kwa namba nyingine, peleka ushahidi dawati la jinsia na watoto la polisi, na uiarifu kampuni iliyokutuma.

Kuona kiwanja usiende peke yako, na usipande gari la muuzaji. Tumia WhatsApp kumtumia ndugu mahali ulipo moja kwa moja. Chagua muda wa saa nane nzima, maana muda wa saa moja unaweza kuisha mkiwa bado njiani.

Kurekodi sauti

*Kampuni inataka niwarekodi wahudumu wa benki kwa simu yangu. Je, ni halali? Msomaji, Nakuru.*

Sauti ya mtu ni taarifa binafsi, na Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inalinda faragha ya kila mtu, akiwemo mhudumu. Omba barua ya benki yenyewe inayosema imeruhusu na kwamba wafanyakazi wamearifiwa kuwa hurekodiwa kwa tathmini. Bila barua hiyo, kataa sehemu ya kurekodi na ujaze fomu kwa kumbukumbu. Ukipewa barua, rekodi kupitia programu ya kampuni, si kinasa cha simu, ambacho huenda kinanakili kila kitu kwenye hifadhi yako ya mtandaoni. Wateja wengine wakianza kutaja namba za akaunti karibu nawe, zima. Na usikubali kuomba mkopo wa kweli kwa ajili ya tathmini: ombi lenyewe linaweza kuingia kwenye rekodi yako ya CRB, na mkopeshaji mwingine atakapoangalia rekodi hiyo hatajua kuwa ulikuwa kazini.