Kuunganisha maktaba ya C na Python
Ndugu uliyeuliza uanzie wapi ili maktaba huria (mkusanyiko wa msimbo ulio wazi kwa wote) iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya C itumike ndani ya lugha ya Python: kabla ya kuandika msimbo wowote, zungumza na watunzaji wa mradi, kwa sababu kiunganishi (msimbo unaoiwezesha Python kuitumia maktaba hiyo) kisicho na mtu wa kukihudumia huachwa nyuma matoleo mapya yanapotoka, na baadhi ya watunzaji hupendelea kikae katika hazina yake chenyewe, yaani mahali pake pa kuhifadhi msimbo. Kuita funksheni si kazi kubwa, kwani ctypes au cffi, zana za Python za kuita msimbo wa C, hutosha. Ugumu umo katika kumbukumbu ya kompyuta, yaani kuamua bayana ni upande upi, wa C au wa Python, unaoachilia kila kipande kilichotengwa, maana kukiachilia mara mbili kunaweza kuangusha programu nzima. Misimbo ya makosa (namba ambazo funksheni za C hurudisha zinaposhindwa) igeuze kuwa eksepsheni za Python, yaani njia ya lugha hiyo ya kuarifu makosa. Majaribio yaambatane na mchango wako wa kwanza, hata yakiwa machache.