Seti ya kwilti au vitambaa vya kujichagulia? Jibu langu baada ya kwilti tatu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimeshajifunza kuunga viraka, sasa nataka kushona kwilti ya kitanda. Ninunue seti yenye vitambaa vilivyokwisha kupangwa, au nichague mwenyewe? Naogopa kuharibu." Kwilti, kwa asiyeijua, ni blanketi la tabaka tatu: viraka vilivyoungwa juu, pamba katikati, kitambaa chini. Nilimjibu kwa kifupi siku ileile, lakini jibu lenyewe ni refu, maana woga wake naujua. Mimi niliharibu.

Vitambaa vya kwilti yangu ya kwanza nilijichagulia. Vilikuwa 12, na kila kimoja nilikinunua kwa sababu kilinivutia peke yake: chekundu chenye maua, kijani cha majani mapana, bluu yenye nukta, zambarau ambayo mpaka leo naipenda. Sikuvitandaza pamoja hata mara moja kabla ya kuvikata. Muundo ulikuwa wa nyota zenye pembe nane, nyota 30, na nilizishona usiku kwa miezi miwili. Siku niliyoianika kwenye kamba nilirudi nyuma hatua kumi ili niitazame vizuri. Sikuona nyota hata moja. Dada yangu alisimama kando yangu akauliza, kwa nia njema kabisa, "Hapa ulikusudia nini?"

Swali lile lilinichoma. Niliikunja kwilti, nikaiweka chini kabisa ya sanduku, na karibu mwaka mzima sikugusa cherehani.

Niliporudi, nilirudi kwa kununua seti. Ndani ya pakiti mlikuwa na maelezo ya kukata, vitambaa vya upande wa juu na vya utepe wa pindo, kila kimoja na kikaratasi chake. Aliyeipanga alikuwa ameshanifanyia uamuzi ulionishinda, na kwa mara ya kwanza akili yangu yote ikawa kwenye mshono. Hapo ndipo nilipojifunza maana ya inchi robo, yaani upana wa kitambaa kinachoachwa kati ya mshono na ukingo. Safu ikiwa na vipande 12, na kila mshono ukazidi milimita moja tu, safu nzima inapungua zaidi ya sentimita mbili, kisha unashangaa kwa nini haikutani na ya jirani. Nilijifunza pia kubonyeza mshono kwa pasi badala ya kuiburuta, kwa sababu kitambaa kilichokatwa hanamu kinavutika. Hayo yote nayashukuru, na sitamruhusu mtu amcheke mwenye kuanza na seti. Marie Webster wa Indiana, Marekani, aliyekuwa mbunifu mkubwa wa kwilti, alianzisha na wenzake mwaka 1921 biashara ya kuuza ruwaza na seti za aina hii. Ni mtindo wa miaka mingi.

Lakini seti ina mambo yake. La kwanza, hupimwa kwa kubana. Rula yangu iliteleza nikikata bluu iliyokoza, kipande kimoja kikaenda upogo, na hapakuwa na cha ziada. Nilimwandikia muuzaji, akanijibu kwamba kitambaa kile hakichapishwi tena. Nilipata cha kufanana kutoka jora jingine, na kilipokuwa mkononi niliapa kuwa ni kilekile. Kimeshonwa sasa, safu ya nne kutoka juu, na kila nikitandika kitanda jicho langu linaenda palepale: bluu ile inaelekea kijani kidogo. Wageni hawaioni. Mimi naiona. La pili, pamba ya katikati na kitambaa cha chini mara nyingi havimo, na watu huligundua hilo wakiwa wameshamaliza upande wa juu. Kwilti ya sentimita 150 kwa 200, ukiongeza sentimita 10 kila upande na kitambaa kikiwa na upana wa sentimita 110, inahitaji mita nne na nusu hivi kwa chini peke yake. Uliza kabla ya kulipa.

La tatu ndilo lililoniuma zaidi. Niliipeleka kwilti ile kwenye mkusanyiko wa washonaji, nikaitandaza kwa fahari. Meza ya tatu mama mmoja akatandaza ya kwake. Ilikuwa ileile, maua yaleyale, utepe uleule. Tukapongezwa wote wawili, tukaulizwa kama tulinunua pamoja. Alikuwa mama mkarimu na mishono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu. Nilirudi nyumbani na kitu kifuani ambacho sikuwa na jina lake, na usiku ule nikaamua kwamba ya tatu nitaichagua mwenyewe, hata nikishindwa tena.

Sikushindwa. Nilianza na kitambaa kimoja chenye rangi nyingi, nikachota rangi nyingine zote kutoka humo. Nilivigawa mafungu matatu: vyeupe au vya kuelekea weupe, vya katikati, na vilivyokoza. Nikavipiga picha kwa simu, nikaondoa rangi zote kwenye picha, ikabaki nyeusi na nyeupe. Picha ikanionyesha kosa langu la miaka ile: chekundu na kijani ambavyo machoni vinapigana, vikiondolewa rangi vinakuwa kijivu kimoja. Kwilti yangu ya kwanza yote ilikuwa ya fungu la katikati, ndiyo maana nyota zilizama. Jicho hushika kwanza mwanga na giza, rangi hufuata. Nilitafuta pia maua makubwa, ya kadiri na madogo, yasijae ya saizi moja. Vyekundu nilivilowesha nikavibana na kitambaa cheupe. Kimoja kilichuja, nikakiacha. Na kila kitambaa nilinunua robo mita ya ziada, hilo ni somo nililolipata kwa bluu ile.

Nyota zilisimama. Dada yangu alizipapasa kwa kidole, moja baada ya nyingine, asiseme kitu, kisha akauliza kama naweza kumshonea moja.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, nunua seti moja ukiwa bado mshono unakutoa jasho. Moja. Ukimaliza, usikimbilie ya pili kwa sababu ya kwanza ilipendeza, maana hapo utakuwa unazidi kuwa hodari wa kushona huku jicho lako limelala. Anza na mradi mdogo wa mto au kitambaa cha meza, vitambaa vitano tu, na upange mwanga na giza kabla ya kufikiria rangi. Tazama kwilti za wanawake wa kijiji cha Gee's Bend, Alabama, Marekani. Walishona kwa mashati na suruali za kazi zilizochakaa, bila seti, na mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa kwenye jumba la makumbusho la Whitney, New York. Usiniambie huna vitambaa vya kutosha. Fungua kabati, vipange sakafuni, vipige picha, uondoe rangi. Fanya hivyo leo, kabla hujafungua pochi. Uoga wa kuharibu hautakwisha kwa kununua pakiti nyingine. Mimi ulinikalia mwaka mzima bure.

Na ile kwilti ya kwanza nimeitoa sandukuni. Naifumua nyota moja moja, naiondoa zambarau inayoizunguka na kuweka kitambaa cheupe mahali pake. Nimeshamaliza nne. Jana nilizibandika ukutani kwa pini, nikatoka hadi mlangoni nikageuka, na zote nne zilionekana.