Re: Orodha yangu ya filamu imenishinda

Mkuu, kwa hiyo orodha yako ya vipenzi imefika filamu 300, na wadogo zako wakiomba moja unakwama. Usiipange upya yote, utachoka. Chagua mada moja tu, mfano maisha ya mjini kwa Kiswahili: Nairobi Half Life (2012), kijana wa kijijini anayetafuta uigizaji akaangukia kwa wezi, kisha Vuta N'Kuvute (2021), Zanzibar ya wakati wa ukoloni, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Kila filamu iandikie sababu ya kuipenda. Nyota tano hazisemi kitu, kwa maoni yangu. Angalizo: Supa Modo (2018) inahusu binti mwenye ugonjwa usiopona. Itazame mwenyewe kwanza kabla ya kuwawekea wadogo.