Kabla ya kufungua mzinga, keti mlangoni

Mhariri, swali lenu la juma hili linauliza: anayeanza kufuga nyuki nyumbani afungue mzinga wake mara ngapi? Nimelisoma asubuhi, nikaliacha, nikaenda kufua, nikalirudia. Jibu lililonijia lilikuwa fupi: asifungue. Miezi mitatu ya kwanza achukue kigoda, aketi ubavuni mwa mzinga, atazame mlango. Nimeona mizinga ikifunguliwa mchana kweupe ili mgeni apige picha. Nyuki wetu hawa si wa kuchezewa, na jirani akishaumwa, ufugaji wako wa nyuma ya nyumba umekwisha siku hiyo hiyo.

Basi niseme kwanza kinachoonekana pale mlangoni. Ninaishi pembezoni mwa mji wa Singida. Mzinga wangu ni wa viunzi, yaani fremu za kutoa na kurudisha ambamo nyuki hujenga masega, mlango unatazama mashariki, na miguu yake minne ya chuma imesimama ndani ya makopo ya oili chafu ili siafu wasipande. Ninaketi hatua tatu pembeni, kamwe si mbele, maana mbele ndiyo njia yao. Alizeti zikichanua, wanarudi na vifurushi vya chavua, ule unga wa maua, miguuni, njano iliyokolea kama manjano ya pilau. Ya mahindi imepauka. Utawaona waliosimama ubaoni wameinua mkia na kupunga mabawa: hao wanatoa harufu ya kuwaelekeza wenzao nyumbani. Utamwona mmoja akiburuta maiti ya mwenzake mpaka ukingoni, kisha akaruka nayo. Na alasiri, jua likiwa kali, nyuki wachanga hutoka kwa wingi, wakaelea hewani huku nyuso zao zimeelekea mzinga, kushoto, kulia, kushoto. Mara ya kwanza nilidhani wanahama, nikapiga kelele kumwita mume wangu. Kumbe wanajifunza kwao. Baada ya robo saa walikuwa wameshatulia.

Jambo moja kwa wenye watoto: wasile ndizi mbivu karibu na mzinga. Nyuki akichoma hutoa harufu ya kuwaita wenzake vitani, na harufu hiyo inafanana sana na ya ndizi.

Sasa kundi langu la kwanza. Niliupaka mzinga nta, wakaja wenyewe mwezi wa pili. Nikachukua daftari la hesabu la mwanangu lililobaki kurasa, nikalichora safu tatu: wanaoingia kwa dakika, wenye chavua kwa dakika, na wachanga wa alasiri, wametoka au hawakutoka. Niliandika karibu kila siku, hata siku za mvua nikiwa chini ya mwavuli. Aprili, wenye chavua walikuwa 31 kwa dakika. Mei, 22. Juni, 9. Safu ya kwanza haikushuka sana, na hiyo ndiyo niliyokuwa naifurahia. Mlango umejaa, nasema moyoni, nyumba ina watu.

Mwezi wa saba tulikuwa na arusi, na mzee mmoja wa ukoo alikuja kutoka Itigi. Yeye amekulia kwenye mizinga ya magogo, ile inayotundikwa juu mtini. Asubuhi ya pili nikamkuta amesimama peke yake kando ya mzinga wangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hawa nyuki wako wanakula nini?"

Nikamwonyesha mlango ulivyojaa. Aliinama, akaweka sikio kwenye ubao, akagonga kwa kidole, akasikiliza. Kisha akasema taratibu, "Wapo. Lakini tazama miguu. Mwenye watoto huleta chakula cha watoto. Hawa wanarudi mikono mitupu." Akaushika mzinga kwa nyuma, akauinua kidogo, akaushusha. "Inua na wewe." Nikainua. Ulikuwa mwepesi kama debe tupu, nami sikuwa nimerina hata kijiko. "Fungua usiku wa leo, uone kama kuna majana," akasema, yaani watoto wa nyuki waliomo kwenye masega.

Nikamjibu kwa heshima kwamba sifungui, nisije nikawasumbua wakahama. Alinitazama kitambo. "Haya, mama," akasema, akarudi kwenye chai yake. Kesho yake alipanda basi. Majibu yangu yale nimeyakumbuka mara nyingi sana. Mzee ameweka sikio ubaoni, ameniinulisha mzinga kwa mikono yangu mwenyewe, nami nikamjibu kwa kanuni niliyojitungia.

Jumapili moja ya mwezi wa nane, saa nne asubuhi, nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nikasikia mvumo ambao haukuwa ule wa kila siku. Ulikuwa mzito, umeenea uani kote. Nilitoka na mwiko mkononi. Walikuwa wanamiminika mlangoni kama maji ya bomba lililopasuka, wengine wakipanda juu ya wengine, hewa yote imekuwa nyeusi. Nilisimama tu. Walizunguka juu ya mkwaju, wakakusanyika, wakashika njia ya kusini. Nikawafuata mpaka barabara kubwa, kanga moja imenidondoka njiani, nikawapoteza. Niliporudi walikuwa wamebaki kama thelathini, wanaingia na kutoka.

Jioni nikafungua, mara yangu ya kwanza. Masega manane. Hakuna asali, hakuna yai, hakuna funza hata mmoja. Kila tundu la majana lilikuwa limeshafunguka na kuachwa wazi. Pembeni nondo wa nta alikuwa ameanza kutandaza nyuzi zake.

Tangu hapo nimeelewa. Nyuki wetu wakiona njaa ya kiangazi huacha kulea watoto wapya, hungoja waliomo watoke, humaliza akiba, ndipo huhama. Kutoka yai mpaka nyuki kibarua ni karibu wiki tatu, kwa hiyo wiki zile zote walikuwa wanajiandaa mbele ya macho yangu. Usiku ule nilifungua daftari kwa taa ya solar. Safu ya chavua: 31, 22, 9, 2, 0. Safu ya tatu, kwa mwandiko wangu mwenyewe: hawakutoka, hawakutoka, hawakutoka.

Nilianza barua hii nikisema asifungue, na nikifika hapa siwezi tena kulitetea jibu hilo. Mlango uliniambia yote, ila sikuwa na kitu cha kuulinganisha nao, kwa sababu sikuwahi kuona ndani. Hata ile ngoma yao ya kuelekezana maua, aliyoifumbua Karl von Frisch wa Austria akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, huchezwa juu ya sega, gizani. Kigoda changu hakifiki huko.

Kwa hiyo, Mhariri, kwa mzinga wangu wa sasa ni mara moja kwa mwezi. Ninafungua jua likizama, nimevaa kinga kamili, bomba la moshi liko tayari, na mtu wa pili ameshika tochi iliyofungwa kitambaa chekundu, kwa kuwa nyuki hawaioni nyekundu. Ninatazama viunzi vitatu tu: mayai yapo? majana yapo? pembeni pana asali? Nafunika. Asubuhi narudi kwenye kigoda na daftari, niandike mlango unasemaje juu ya nilichokiona jana.

Lakini kundi lililoingia jana liachwe wiki kadhaa lijenge. Siku ya upepo usifungue. Ukiwa huna kinga, au ukuta wa jirani uko karibu na watoto wanacheza, usifungue peke yako hata kidogo. Tafuta mzoefu aje. Na kama huwezi lolote kati ya hayo, uinue mzinga kwa nyuma kila juma, mkono wako ujue uzito wake.

Jana alasiri wachanga walitoka. Wenye chavua nilihesabu 18 kwa dakika. Jumamosi, jua likizama, nitafungua.