Kliniki ya pumu wakati mtoto hakohoi

Dada, umeuliza kama kuna haja ya kumrudisha kliniki mwanao wa miaka 9 ilhali hajakohoa kwa miezi miwili. Mrudishe. Pumu hutulia bila kuisha, na mara nyingi utulivu huo huletwa na ile dawa ya kuzuia anayovuta kila siku, ambayo wazazi wengi huiacha pindi kifua kinapotulia; daktari ndiye anayepaswa kuamua kuipunguza, na kwa kawaida husubiri hali iwe shwari kwa takriban miezi 3.

Kabla ya kwenda, andika mambo ya wiki 4 zilizopita: dalili za mchana au haja ya inhela ya kutuliza (ile anayovuta kifua kikibana, si ile ya kila siku) zaidi ya mara mbili kwa wiki, au kuamshwa na kikohozi usiku hata mara moja, huonyesha kwamba pumu haijadhibitiwa kikamilifu. Beba inhela zake zote mhudumu aone anavyozivuta, maana mimi mwenyewe (nasema kwa aibu) niliivuta yangu vibaya kwa miaka mingi na dawa ikaishia mdomoni.

Kwa kuwa baridi ya Nairobi hushika Juni hadi Agosti, wakati mafua yanapozidi na majiko ya makaa yanapoingizwa ndani, ningeomba miadi ya mwezi Mei. Hata hivyo, akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, mkimbize hospitali papo hapo, usiku au mchana.