Kwa Mnaoanza Kufasiri Ushuhuda wa Vita vya Burundi: Namna ya Kuvisoma Vitabu vya Rejea

Ndugu zangu mnaojiunga nasi hapa Kigoma katika kazi ya kufasiri na kuhifadhi ushuhuda wa wakimbizi kutoka Burundi, nawaandikia kuhusu jambo nililojifunza kwa kumwumiza mtu, na nisingependa nanyi mlijifunze kwa njia hiyo. Kamusi ya Kirundi au kamusi ya historia, hata ikiwa nene na imeandikwa na mtaalamu, haipaswi kuaminiwa kabla hujajua ilichapishwa mwaka gani na maneno yaliyomo yalikusanywa kutoka kinywani mwa nani.

Katika mwaka wangu wa kwanza nililetewa maelezo ya bibi mmoja aliyekuwa amevuka mpaka akiwa msichana. Katika maelezo hayo alisema: "Abavyeyi bacu batwawe n'ikiza." Maana ya zamani ya neno ikiza ni janga linalofyeka watu, mfano wa tauni. Mimi ni Muha wa Kasulu, na Kiha chetu kinakaribiana sana na Kirundi, nikaona nimelielewa. Tena nilikuwa na kamusi kubwa ya Kirundi na Kifaransa ya F. M. Rodegem, iliyochapishwa Tervuren nchini Ubelgiji mwaka 1970, nikajiona nina shahidi wa pili. Nikaandika kwamba wazazi wake walichukuliwa na ugonjwa wa mlipuko, na jalada likaenda lilikokuwa linakwenda. Baada ya miezi kadhaa bibi aliitwa asomewe maelezo yake kabla ya kuweka dole gumba. Alisikiliza kwa utulivu hadi tulipofika kwenye sentensi ile, akaweka kiganja juu ya karatasi na kusema: "Hawakuugua, mwanangu. Walipakiwa kwenye lori."

Kwa Warundi wengi, na hasa kwa wale waliokimbilia kwetu, Ikiza ni jina la mauaji yaliyoanza mwishoni mwa Aprili 1972, wakati uasi ulipozuka kusini mwa nchi, upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, na serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa kuwakamata na kuwaua Wahutu kwa maelfu, wakianza na waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, wauguzi. Makadirio yanayotajwa zaidi ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Kamusi iliyochapishwa mwaka 1970 haikuweza kubeba maana iliyozaliwa mwaka 1972, na kosa halikuwa la kamusi. Ningetazama ukurasa wa mwaka wa kuchapishwa kabla ya kutazama neno lenyewe, ningejua kwamba ninachokitafuta hakiwezi kuwamo.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ninalowaomba mfanye mkikabidhiwa kitabu chochote cha rejea ni kuandika mwaka wake kwa penseli kwenye karatasi yenu ya kazi. Ile kamusi ya historia ya Burundi inayotumiwa na watafiti wengi ina matoleo 3. La kwanza, la Warren Weinstein, lilitoka mwaka 1976. La pili na la tatu, yaliyoandaliwa na Ellen Eggers, yalitoka mwaka 1997 na 2006. Anayelishika la kwanza hatakuta vita tunavyovishughulikia zaidi, vile vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993. Anayelishika la pili atakutana na vita ambavyo bado vinapiganwa, kwa kuwa Mkataba wa amani wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na kundi la waasi la CNDD-FDD likakubali kusimamisha mapigano mwaka 2003. Wala msiyatupe matoleo ya zamani. Yasomeni yote kwa neno moja, mkilinganisha kilichoongezwa na kilichoondolewa, kwa maana tofauti hiyo yenyewe ni habari.

Majina ya vita hivi yanahitaji uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Kuna vitabu vinavyosema vita vya wenyewe kwa wenyewe, vingine vinasema matukio, vingine mauaji ya kimbari, na kila jina lina mwenyewe. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 1996 kwamba vitendo vya mauaji ya kimbari vilifanywa dhidi ya Watutsi mwezi Oktoba 1993. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitangaza Desemba 2021 kwamba yaliyowapata Wahutu mwaka 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari. Mfasiri hana ruhusa ya kumchagulia shahidi jina: akisema intambara, andika vita, akisema ikiza, liache neno lake na ulifafanue pembeni. Vivyo hivyo kwa neno umumenja, ambalo zamani lilimhusu mtu anayemwasi mfalme, na mwaka 1972 likabandikwa kwa waliouawa, kiasi kwamba wajane na watoto wao waliishi wakiitwa watu wa mhaini. Ukiandika tu "mwasi", umerudia hukumu ya wauaji bila kujua.

Neno ubwoko limetusumbua sana katika chumba hiki. Wengi hulifasiri kabila, na nimeona hata vitabu vyenye heshima vikifanya hivyo. Lakini msomaji wa Kitanzania akisikia kabila anafikiria watu wenye lugha yao na nchi yao, kama Wanyamwezi wa Tabora au sisi Waha, ilhali Wahutu na Watutsi wanazungumza Kirundi hichohicho na wameishi kwenye vilima vilevile. Zaidi ya hayo, ubwoko waweza kuwa ukoo, na mzee anayeulizwa ubwoko wake anaweza kukutajia ukoo, si Uhutu wala Ututsi. Mimi huliacha kama lilivyo na kuandika kwenye mabano kile ambacho msemaji alikikusudia, baada ya kumwuliza mwenyewe.

Sisi tuliolelewa kwa Kiha tuna hatari ya pekee, nayo ni kujiamini. Lugha hizi ni ndugu wa karibu mno, tunasikilizana sokoni bila mkalimani, ndiyo maana hatufungui kamusi. Mwenzetu mmoja alisikia barahungutse akaandika "walikimbia", kwa kuwa guhunga ni kukimbia hatari. Lakini guhunguka ni kuufungua mkimbio, kama sisi tunavyofunga na kufungua. Maana yake ni kurejea nyumbani kutoka ukimbizini. Wapo watu waliokimbia mwaka 1972, wakarejea baada ya uchaguzi wa Juni 1993, wakakimbia tena kabla mwaka haujaisha. Kwa fasiri ile, kurejea kwao kulifutika kabisa, na itongo, yaani ardhi ya ukoo waliyoirudia na kuilima kwa miezi michache, ikaonekana kama hawakuikanyaga tena.

Kuhusu kutafuta maneno, kumbukeni kwamba kamusi nyingi za lugha za Kibantu hupangwa kwa mzizi. Impunzi, yaani mkimbizi, huipati penye I wala penye P, bali penye H. Inatokana na guhunga, na ile h imegeuka p baada ya m, kama -refu inavyogeuka ndefu kwetu.

Majina ya mahali nayo hubadilika. Usumbura ndiyo Bujumbura, Kitega ndiyo Gitega. Nyanza-Lac mwaka 1972 ilikuwa mkoa wa Bururi, baadaye Makamba, na tangu mwaka 2025, mikoa 18 ilipopunguzwa hadi 5, iko Burunga. Shahidi akitaja mkoa usiolingana na ramani yenu msimsahihishe, mwulizeni jina la kilima alichoishi.

Sitawaficha pia kwamba hata wakimbizi wa mwaka mmoja hawasimulii kwa sauti moja. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti mwaka 1985 na 1986 katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo na hapahapa Kigoma mjini, akakuta kwamba waliokuwa makazini walijenga simulizi moja nzito ya Uhutu na uhamisho, wakati wa mjini wengi walijichanganya na wenyeji na hawakupenda hata kuitwa wakimbizi. Kwa hiyo mkiandika chanzo cha neno, msiishie kwenye "mkimbizi wa 72". Aliyekulia katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, akilima tumbaku, na aliyekulia Ujiji akiuza dagaa wanaweza kulitumia neno moja kwa maana mbili.

Chumbani kwetu mtakuta masanduku ya kadi. Kila kadi ina neno, maana iliyotolewa, mwaka ambao msemaji anauzungumzia, kilima chake, na mahali alipoishi baada ya kuvuka. Chini yake pana maana iliyomo katika kila kitabu, pamoja na mwaka wa kitabu. Jina la msemaji haliandikwi kamwe. Nusu ya chini huachwa wazi kwa ajili ya shahidi mwingine. Kadi ya kwanza niliyoiandika nilimsomea yule bibi kabla sijaiweka ndani, naye akanirekebisha tena mahali pamoja. Ni ya ikiza, na kwa kuwa wingi wake ni ibiza, mtaikuta kwenye herufi Z.