Akiona nuru kabla ya kuanguka, msimwachishe dawa

Mdogo wangu ana kifafa tangu shule ya msingi. Kabla hajaanguka huona nuru upande mmoja, husikia harufu ya udi ambao hakuna aliyeuchoma, kisha hujawa na amani ambayo anasema hata sala haijawahi kumpa. Katika ukoo wapo waliosema ana pepo, na wapo waliosema Mungu amemteua. Wote walitaka aache vidonge.

Ndugu mnaouguza, vidonge visiguswe. Kuvikatisha ghafla kunaweza kuleta mtukutiko usiokoma, na huo unaua.

Anachokiona ni kifafa chenyewe kikianza, mara nyingi kwenye sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio, panapohusika na kumbukumbu na hisia. Dostoevsky, mwandishi wa Urusi aliyeugua kifafa, alimpa mhusika wake Myshkin raha ya namna hiyo, sekunde chache kabla ya kuanguka. Basi mgonjwa wenu hadanganyi. Wala msibishane naye kama Mungu amesema naye au la. Mimi ni muumini, na kujua nuru ile inaanzia wapi hakujanipunguzia imani. Hata sala zangu za kila siku zinapita kwenye ubongo.

Muulizeni kwa upole: umeona nini, upande gani, kwa muda gani? Andikeni kwenye daftari, mpelekeeni daktari. Kwetu maelezo hayo ndiyo yaliyomwonyesha kwamba kifafa kinaanzia sehemu moja, na uchaguzi wa dawa hutegemea hilo. Nuru ikimjia, mdogo wangu huachana na jiko na kukaa chini. Akianguka tunamlaza ubavu, hatumtii kijiko mdomoni, na zikipita dakika 5 tunakimbilia hospitali.

Jambo la mikesha ndilo linaloniuma zaidi. Kukosa usingizi huamsha kifafa, na mfungo hufanya watu waruke dozi. Mgonjwa anakesha akiomba, alfajiri anaona maono, anaanguka, na waumini wanazidi kumkeshesha. Nendeni kwa mchungaji au sheikh mapema, mgonjwa akiwa mzima, mmweleze. Wa kwetu alisikiliza, akamruhusu kusali mchana, na sasa kabla ya kumwombea humuuliza kwanza kama amemeza dawa.